Chura ambaye moyo wake unaonekana: jibu kwa mwalimu wa Pangani

Mwalimu mmoja wa biolojia wa huko Pangani ameniandikia hivi: "Mtaalamu, salaam. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameniletea video ya simu: chura wa kijani amebandikwa kwenye kioo, anaonekana kwa chini, na kifuani moyo wake unadunda waziwazi. Wanaapa kuwa chura huyo tunaye hapa hapa, kwenye bwawa la mayungiyungi nyuma ya shule, kwa sababu wamewahi kumshika mmoja wakaona mayai tumboni mwake. Je, ni huyo huyo? Kama siye, huyo wa kwenye video anaishi wapi na anazaaje? Na mmoja wao aliniuliza swali nikakosa la kusema: kama mwili wake ni kama kioo, hiyo damu nyekundu anaificha wapi?"

Mwalimu, salaam zimefika, nawe wasalimie vijana. Nianze na la bwawani, maana ndilo lenye mabishano.

Siye. Lakini usiwavunje moyo, walichokiona ni kweli. Kwa jinsi ulivyomweleza, chura wao anafanana sana na Hyperolius pusillus, mmoja wa vyura wa matete wa nyanda za chini za pwani, kuanzia Somalia, kupitia kwetu, hadi Afrika Kusini. Ana urefu wa kama sentimita mbili, ngozi yake ya kijani hafifu inapenyeza mwanga, na jike akijaa mayai unayaona bila kumpasua. Kwa hiyo vijana walitazama vizuri, ila wamekosea ukoo. Vyura wa matete ni wa familia ya Hyperoliidae, ambao nyumbani kwao ni Afrika, Madagaska na Shelisheli. Yule wa kwenye video ni chura wa kioo, wa familia ya Centrolenidae, na familia hiyo haina spishi hata moja Afrika, Asia wala Ulaya. Spishi zake zilizokwisha kuelezwa ni zaidi ya 150, na zote ni za Amerika yenye joto.

Ukitaka dalili ya haraka ya kuwatofautisha, tazama macho. Chura wa matete macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa. Vyura wengi wa kioo macho yao yameelekea mbele, kiasi kwamba ukimmulika kwa tochi unahisi anakukodolea wewe. Ya pili inahitaji maabara: mfupa wa mwisho wa kila kidole cha chura wa kioo una umbo la herufi T.

Sasa huko kwao. Wa kwanza kuelezwa kisayansi alikuwa Centrolene geckoideum, mwaka 1872, na aliyemweleza ni Mhispania Marcos Jiménez de la Espada, aliyekuwa amesafiri Amerika ya Kusini na msafara wa wanasayansi kutoka nchi yake. Bahati ilimkutanisha na jitu la ukoo huo: dume lake huweza kupita sentimita saba, na wengi wa ndugu zake ni sentimita mbili hadi tatu tu, wa kutosha kukaa kwenye ncha ya kidole gumba. Familia yenyewe ilipewa jina lake na Mmarekani Edward Taylor mwaka 1951. Leo tunajua eneo lao linaanzia kusini mwa Meksiko, linashuka Amerika ya Kati yote yenye misitu, linaingia Kolombia na Venezuela, linafuata milima ya Andes kupitia Ekuador na Peru hadi Bolivia. Wengine wako Amazoni na nyanda za juu za Guyana, wengine misitu ya mashariki ya Brazili hadi kaskazini-mashariki mwa Ajentina. Kisiwa cha Tobago nacho kina wake. Wapo wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na wapo wanaoishi zaidi ya mita 3,000 juu, kwenye baridi na ukungu.

Lakini ukiwaonyesha vijana ramani hiyo watadhani wamesambaa kila mahali kama mchwa. Sivyo. Ukiisogelea ramani utaona imeshonwa kwa nyuzi nyembamba, na kila uzi ni kijito. Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka ulishike, kwa sababu majibu yako mengine yote yanatoka humo: chura wa kioo ni mnyama wa jani linaloning'inia juu ya maji yanayotiririka. Juu ya jani hilo, au chini yake, ndipo anapoimbia, anapopigania, anapotagia na, wengine, anapolala. Palipo na kijito kisicho na majani juu yake, hayupo. Palipo na msitu mzuri usio na kijito, hayupo.

Ndiyo maana Andes ya Kolombia na Ekuador ina spishi nyingi kuliko kwingineko. Kule kila bonde lina mito yake, na kati ya bonde na bonde kuna mgongo wa mlima wenye baridi, au bonde kavu, ambapo chura mwenye ngozi laini kama utando hawezi kuvuka. Ukoo mmoja ukigawanyika pande mbili, kila upande unaendelea na maisha yake. Mwaka 2022 Juan Manuel Guayasamin wa Ekuador na wenzake walieleza spishi mbili mpya kwa pamoja, Hyalinobatrachium mashpi na Hyalinobatrachium nouns. Zinaishi kila moja upande wake wa bonde la mto Guayllabamba, kama kilomita 20 tu kati yao, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Vinasaba na milio ndivyo vilivyozitenga. Wewe uliye jirani na Usambara hutashangaa sana: vyura wetu wa jenasi ya Nectophrynoides, wale wanaozaa vitoto badala ya kutaga, nao wamegawanyika mlima kwa mlima kwenye safu ya milima ya Tao la Mashariki.

Sasa uzazi, na hapa uniruhusu niende polepole, kwa sababu hiki ndicho kilichonifanya niwapende wanyama hawa.

Niliwahi kusimama usiku kwenye kijito cha msitu wa upande wa Karibi, huko Kosta Rika, maji yamenifika magotini, mvua imekatika muda si mrefu. Juu ya kichwa changu madume yalikuwa yanaita, mlio mfupi mwembamba kama mtu anayepuliza filimbi mara moja kisha akaghairi. Nilimulika jani pana lililoinamia maji, nikalipindua kidogo kwa kidole. Chini yake palikuwa na mafungu mawili ya mayai, kila fungu tabaka moja la vidonge ndani ya ute, limegandamana na jani. Fungu moja lilikuwa jipya, mayai ya rangi ya kijani hafifu, nikahesabu 30 na kidogo. Lingine lilikuwa la zamani, ndani ya kila kidonge kiluwiluwi kimejikunja, na baadhi wanajitikisa. Katikati ya mafungu hayo alikaa dume mmoja, Hyalinobatrachium valerioi, si mrefu kuliko kiungo cha kidole changu. Mgongo wake ni wa manjano wenye mtandao wa kijani, na ukimtazama haraka unadhani naye ni fungu la mayai. Wataalamu kadhaa wanaona kuwa mchoro huo unamlinda, kwani adui anayekuja kutafuta kitu kinachotikisika anakuta mafungu matatu, na moja lina miguu.

Nilizima tochi nyeupe nikatumia nyekundu, nikasubiri. Baada ya muda akajisogeza, akapanda juu ya fungu jipya, akashusha tumbo mpaka likalala juu ya ute, akatulia hivyo dakika kadhaa. Alipotoka, ute ulikuwa unang'aa kwa unyevu. Alikuwa anayanywesha mayai yake. Ngozi ya tumbo la chini la chura hufyonza maji, maji yanahifadhiwa kibofuni, na baba huyu huyamimina juu ya watoto wake. Bila hivyo ute unakauka, na kiluwiluwi kinafia ndani.

Basi mpangilio wao uko hivi. Dume huchagua jani na kulipigania. Kwenye jenasi kadhaa madume hukabana mikono huku wakining'inia kwa miguu ya nyuma, na baadhi ya spishi zina mwiba wa mfupa kwenye mkono wa juu wa kazi hiyo. Jike huja kwa kufuata mlio, dume humkumbatia kwa mgongoni, mayai yanatagwa na kurutubishwa pale pale kwenye jani. Spishi za Hyalinobatrachium mara nyingi hutaga chini ya jani, nyingine nyingi hutaga juu yake au kwenye ncha, na lile jitu Centrolene geckoideum hutaga kwenye miamba ya maporomoko, ndani ya rasharasha. Kisha jike huondoka, na dume wa Hyalinobatrachium hubaki. Spishi nyingine hukaa usiku tu. Huyu valerioi hukaa usiku na mchana, na kama mlio wake unavutia, majike wengine humwongezea mafungu mapya, kwa hiyo unaweza kumkuta na watoto wa umri tofauti kwenye jani moja. Na majike wanajali jambo hilo. Kwa spishi ya Hyalinobatrachium cappellei ya Amazoni, watafiti waligundua kuwa dume anayeonekana akilea ana nafasi kubwa zaidi ya kupata mwenza kuliko asiyelea.

Ulinzi huo una sababu. Nyoka wembamba wa usiku wa jenasi ya Leptodeira wanapita majani wakiramba mafungu mazima. Nyigu wanakuja mchana kuchomoa kiluwiluwi kimoja kimoja. Senene wa kule wanakula mayai, na kuna nzi wanaotaga juu ya ute ili funza wao walishwe humo.

Kwa miaka mingi vitabu vyetu viliandika kuwa akina mama wa vyura wa kioo hawana habari na mayai yao. Ilitokana na watafiti kufika kijitoni wakiwa wamechelewa, au kuondoka mapema mno. Jesse Delia, Laura Bravo-Valencia na Karen Warkentin waliamua kukesha, kwenye vijito vingi na kwa spishi nyingi, na mwaka 2017 wakachapisha walichokiona: katika spishi nyingi ambazo dume hana malezi, jike hubaki juu ya mayai saa chache za usiku ule ule wa kutaga, akiyapa maji. Walipowaondoa majike hao, mayai mengi zaidi yaliangamia, kwa kuwa ute uliolowa vizuri huvimba na kuwa mzito kiasi cha kumshinda adui kuutafuna. Saa chache tu za mama, na mayai yamepata ngao ya siku zote. Na kule Sierra Nevada de Santa Marta, Kolombia, kuna Ikakogi tayrona, ambaye mama ndiye anayelea kwa siku nyingi, na spishi hiyo iko kwenye tawi la zamani la ukoo huu.

Waeleze vijana na hili, watalipenda. Kiluwiluwi kilichomo ndani ya yai si cha kungoja tu. Kwa Hyalinobatrachium fleischmanni, baba akitoweka na ute ukaanza kukauka, watoto huanguliwa siku kadhaa mapema kuliko kawaida. Baba akibaki, wanaendelea kukaa na kukua. Yaani mtoto anaipima hali ya nje akiwa bado ndani ya yai, na anaamua.

Akianguliwa anadondoka moja kwa moja majini. Huko maisha yake ni ya kujichimbia: mwili mrefu kama mnyoo, macho madogo, anaishi ndani ya mchanga na majani yaliyooza pembezoni mwa kijito. Wengi ni wekundu. Hawana rangi ya kutosha kwenye ngozi, kwa hiyo unachokiona ni damu yao wenyewe. Wanaweza kukaa hivyo miezi mingi kabla ya kuota miguu na kupanda majani.

Na hapo ndipo linapoingia swali la kijana wako, ambalo ni zuri kuliko alivyojua. Kiluwiluwi ni mwekundu kwa damu; mtu mzima damu anaiweka wapi?

Kwanza turekebishe picha ya video. Chura wa kioo si kioo pande zote. Mgongo wake ni wa kijani, mwanga unapenya kiasi tu. Ni ngozi ya tumbo ndiyo iliyo angavu kabisa, na hata hapo spishi hutofautiana: kwa baadhi, moyo umefunikwa na utando mweupe na hauonekani, kwa wengine, kama Hyalinobatrachium yaku aliyeelezwa Ekuador mwaka 2017, moyo uko wazi. Ini na utumbo vimefunikwa na tabaka jeupe la fuwele zinazorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia. Na wapo wenye mifupa ya kijani, kwa sababu ya biliverdini, rangi ile ile ya kijani inayopatikana kwenye nyongo.

Sasa mweke mnyama huyo mahali pake, kwenye jani, mchana, amelala. Jua linapiga jani kutoka juu, na chura aliyejibandika chini yake akiwa mwili mzito angetupa kivuli cheusi chenye umbo la chura. Ndege angekiona. Mwili unaopenyeza mwanga hautupi kivuli hicho, na miguu yake, ambayo ni angavu kuliko kiwiliwili na imekunjwa pembeni, hulainisha ukingo wa umbo ili usikatike ghafla dhidi ya kijani cha jani. Watafiti waliweka vyura 360 wa jelatini msituni Ekuador, wengine wa kupenyeza mwanga na wengine wa rangi nzito, na matokeo waliyochapisha mwaka 2020 yalionyesha kuwa wale wa rangi nzito ndio walioshambuliwa zaidi na ndege.

Lakini damu ingeharibu yote hayo. Chembe nyekundu hunyonya mwanga wa kijani, yaani ule ule unaopita kwenye jani. Mnyama mwenye mishipa iliyojaa chembe hizo hawezi kuwa angavu hata ngozi yake iwe nyembamba namna gani.

Jibu lilichapishwa Desemba 2022, na Carlos Taboada, Jesse Delia na wenzao, waliomchunguza Hyalinobatrachium fleischmanni. Kizuizi chao cha kwanza kilikuwa kwamba chura huyu akiguswa, akiamka, hata akipewa dawa ya usingizi, wekundu unarudi. Walihitaji kumtazama amelala usingizi wake mwenyewe. Wakatumia mbinu ya kupiga mwili kwa mwanga wa leza, chembe nyekundu zikiunyonya hutoa mawimbi ya sauti, na vifaa vinayasikiliza hayo mawimbi na kuchora zilipo. Wakakuta chura akilala huondoa kwenye mzunguko karibu asilimia 89 ya chembe zake nyekundu na kuzifungia ndani ya ini, nyuma ya lile tabaka la fuwele. Ini linavimba, mishipa inabaki na majimaji ya damu yasiyo na rangi, na uangavu wa mwili unaongezeka mara mbili hadi tatu. Jioni akiamka kwenda kuimba, ini linaziachia, na wekundu unarudi mwilini.

Hebu fikiri, mwalimu, na wafikirishe na wao. Kwa binadamu, chembe za damu zikisongamana hivyo mahali pamoja tungetarajia bonge la damu, na bonge hilo linaweza kuua. Huyu hufanya hivyo kila siku, na damu haigandi. Lakini akijeruhiwa, damu inaganda kwenye kidonda kama kawaida. Ndiyo maana watafiti wa kuganda kwa damu sasa wanamsoma chura wa gramu chache.

Kwa hiyo mwambie kijana: anaificha kwenye ini. Na anaificha kwa ajili ya jani.

Usisahau kuwaambia kuwa maisha yaliyofungwa kwenye kijito yana hatari zake. Ukikata miti ya ukingoni, umewaondolea majani. Ukichimba madini juu ya mto, tope linazika mchanga wa viluwiluwi. Kuvu anayeua vyura duniani, Batrachochytrium dendrobatidis, amepita milima mingi ya kule. Nchini Bolivia chura wa kioo aitwaye Nymphargus bejaranoi alipotea machoni pa watafiti miaka 18, na habari za kupatikana kwake zilitangazwa mwaka 2020, kazi ya kumtafuta ikifanyika kwa sababu mradi wa umeme wa maji ulikuwa unaingia makazini mwake. Sisi tunaijua hadithi hiyo kwa uchungu: chura wa korongo la Kihansi, hapa Tanzania, alitegemea rasharasha ya maporomoko, bwawa likapunguza maji, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, kabla ya waliozalishwa Marekani kurudishwa korongoni kuanzia 2012. Kisha kuna biashara ya wanaotaka kufuga kitu cha ajabu. Novemba 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Panama, familia yote ya Centrolenidae iliwekwa kwenye Kiambatisho cha II, ili usafirishaji wake wa kimataifa uwe wa vibali. Kwa hiyo kijana akikutana na tangazo mtandaoni la kumuuzia mmoja, ajue kuna karatasi zinazotakiwa.

Mwisho, nirudi bwawani kwenu, kwa sababu sitaki wabaki na chura wa simu tu. Hyperolius pusillus naye hutaga kwenye majani, ila kwa namna yake: huyabandika mayai katikati ya majani mawili ya yungiyungi yaliyolaliana, tabaka moja jembamba. Nenda nao jioni, mikono iwe imeloa na isiwe na dawa ya mbu, kwa kuwa ngozi ya chura hufyonza kila kitu. Tafuteni majani mawili yaliyogusana, inueni la juu kidogo kwa kidole kimoja, mmulike, mhesabu, kisha mlirudishe kama lilivyokuwa, limelala sawasawa, ili ute usikauke.